Ukiomba Mchango, Rudi na Hesabu

Jambo tutakalolizungumza huenda limo ndani ya simu yako sasa hivi. Karibu kila wiki ombi la mchango huingia katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, cha waliosoma pamoja, cha wakazi wa mtaa, au cha watu wa wilaya moja waliotawanyika Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na London. Mtoto ana tundu kwenye moyo. Mama amepewa rufaa ya kwenda India. Mwili wa marehemu uko ughaibuni na unatakiwa kurudi nyumbani. Madrasa imeezuliwa na upepo. Chini ya ombi pana namba ya simu, jina litakalotokea ukituma, na mara nyingi ukumbusho wa kuweka na ada ya kutolea. Mtu wa kwanza anaandika jina lake na kiasi, wa pili ananakili orodha na kuongeza lake, na kabla ya usingizi kupatikana kuna fedha ambazo familia ile isingezikusanya peke yake kwa mwaka mzima. Ninalotaka kulitetea leo ni hili: kuomba namna hii ni halali na hakumvunjii mtu heshima, lakini aliyeomba hadharani anadaiwa hesabu hadharani. Deni hilo anadaiwa na waliomchangia, na zaidi anadaiwa na mgonjwa mwingine atakayekuja kuomba mwezi ujao.

Kuchangiana hatukufundishwa na simu. Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, alikuwa anazipa sauti desturi zilizokuwapo vijijini tangu zamani, na kwa wito huo wananchi wa Kenya walijenga mamia ya shule zilizokuja kuitwa shule za harambee. Tanzania nako mtu haoi wala hazikwi bila wenzake kutia mkono. Tazama jinsi kamati ya harusi inavyofanya kazi. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina kadi, ina orodha ya ahadi, ina vikao ambavyo kila kimoja huanza kwa kusoma kiasi kilichoingia. Sherehe ikiisha, wanakutana tena katika kikao cha kuvunja kamati, mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu, na mpishi au mpambaji aliyebakia akidai analipwa. Hakuna anayeona utaratibu huo kuwa ni kumshuku bwana harusi. Sasa jiulize: mgonjwa wa figo aliyechangiwa na watu mia tatu, kamati yake huvunjwa lini? Kwa kawaida haivunjwi, kwa sababu haikuundwa. Shughuli ya siku moja tumeiwekea daftari, na maisha ya mtu tumeyaachia namba moja ya simu.

Hatukufika hapo kwa ubaya wa mtu yeyote. Tulifika kwa kasi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mtu wa Kigoma akaweza kumchangia mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Muhimbili bila kupanda basi. Mwaka 2010 ilianzishwa Marekani tovuti ya kuchangisha fedha ya GoFundMe, na mwaka 2012 Wakenya wakapata M-Changa, mfumo uliobuniwa kwa ajili ya harambee za simu. Nguvu ya njia hizi ilionekana mapema. Julai 2011, njaa ilipoikumba kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500, na lengo hilo lilipitwa, kwa msaada mkubwa wa watu wa kawaida waliotuma kidogo kidogo kwa simu zao. Hata hivyo kuna kitu tulikiacha nyuma tulipohama kutoka ukumbini kwenda mtandaoni, nacho ni macho. Katika harambee ya kijiji mchangiaji alimjua mwombaji, alimjua mweka hazina, na mwaka uliofuata angeliona paa la shule kwa macho yake. Mtandaoni mchangiaji anamjua mtu anayemjua mtu aliyesambaza ujumbe. Macho yale hayawezi kurudi yenyewe. Lazima yawekewe kitu cha kushika nafasi yake, na kitu hicho ni hesabu.

Kwa nini tusiuachie moyo wa mtu uamue? Kwa sababu moyo, pamoja na wema wake wote, si mkaguzi. Mwaka 2007 watafiti watatu, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio linalofaa kujulikana na kila anayechangisha. Watu walipewa dola 5 na kuulizwa wangetoa kiasi gani kupambana na njaa Afrika. Walioonyeshwa mtoto mmoja wa miaka 7 kutoka Mali, kwa jina na picha yake, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Na walioonyeshwa mtoto yule pamoja na takwimu walishuka hadi dola 1.43. Maana yake ni kwamba huruma hufunguka kwa sura moja na kisa kimoja, na haipimi ukubwa wa shida. Hilo si kosa letu, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini lina hatari yake: mwenye kisa kizuri humshinda mwenye shida kubwa, na anayejua kutunga humshinda asiyejua kueleza. Novemba 2017 huko New Jersey, Marekani, kilisambaa kisa cha mtu asiye na makazi aliyedaiwa kutoa dola zake 20 za mwisho kumnunulia petroli mwanamke aliyekwama barabarani usiku. Wachangiaji wapatao 14,000 walitoa zaidi ya dola 400,000. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba kisa kizima kilitungwa, na baadaye wahusika walikiri makosa. GoFundMe iliwarudishia wachangiaji fedha zao. Sisi tunaotuma moja kwa moja kwenye namba ya mtu, nani ataturudishia?

Lakini tusidhani matapeli ndio tatizo kubwa. Fedha hupotea njia hata pale ambapo msiba ni wa kweli na kila mtu anaujua. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Watu walichanga kutoka kila upande. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na wa mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Kisha ukazuka mjadala mzito zaidi: sehemu ya fedha ilielekezwa kwenye taasisi za umma, ilhali wengi waliobomokewa walitarajia kusaidiwa kusimamisha nyumba zao. Kujenga upya shule ni kazi njema, na serikali ilikuwa na hoja zake. Ila swali la nani hasa alikuwa anachangiwa lilitakiwa kujibiwa kabla shilingi ya kwanza haijatumwa. Lilipojibiwa baadaye, wengi walijiona wamedhulumiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Uingereza. Aprili 2020, wakati wa korona, mzee Tom Moore, mwanajeshi mstaafu aliyekaribia kutimiza miaka 100, aliahidi kuzunguka bustani yake mara 100 ili apate pauni 1,000 za kuwasaidia wahudumu wa afya. Alipata zaidi ya pauni milioni 30. Fedha hizo zilikuwa na mpokeaji aliyetajwa tangu mwanzo, yaani umoja wa mifuko ya hisani ya huduma ya afya ya taifa, nazo zilimfikia. Baadaye ulianzishwa mfuko mwingine wenye jina la mzee huyo, na familia yake ikawa ndani ya uendeshaji wake. Novemba 2024 tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ilitoa ripoti iliyosema wanafamilia walinufaika zaidi ya mara moja kupitia uhusiano wao na mfuko huo. Angalia vizuri, msikilizaji. Jina ni lilelile na upendo wa umma ni uleule. Kilichotofautiana ni mpaka kati ya mkono unaopokea na mtu anayenufaika. Mpaka ulipokuwa wazi, mamilioni yalipita salama. Ulipofifia, hata jina lililopendwa na taifa zima halikuweza kuulinda mfuko.

Ndiyo maana nasema imani ya watu ni mali ya pamoja, na mwombaji mmoja hana haki ya kuitumia yote. Mtu akichanga mara tatu na asisikie mgonjwa alifikia wapi, wala hasemi kitu. Haendi polisi, hamkaripii admini. Hunyamaza, na ombi la nne likija anajifanya hakuliona. Adhabu hiyo haimfikii aliyekaa kimya na hesabu, kwa maana yeye ameshapata chake. Inamwangukia mama mkweli wa siku ile, mwenye cheti halali na mtoto anayehema kwa shida, ambaye hakumkosea mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili kinachopotea si mali tu, ni utayari wa watu kutoa tena.

Basi hesabu hiyo ina nini ndani yake? Haihitaji mhasibu. Kwanza, ombi liseme ni nani, ana tatizo gani, yuko hospitali ipi, na kiasi gani kinatakiwa kwa kazi gani: upasuaji ni kiasi hiki, dawa ni kiasi hiki, nauli na malazi ya anayemuuguza ni kiasi hiki. Pili, fedha zisikae kwa mtu mmoja. Mifumo ipo. M-Koba, iliyoanza Tanzania mwaka 2019 kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa, haitoi fedha za kikundi bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kikundi kisicho na mfumo wa namna hiyo kinaweza kuwa na watu wawili wanaoona salio, mmoja wao akiwa nje ya familia. Tatu, pale inapowezekana bili ilipwe moja kwa moja hospitalini na risiti ionekane. Nne, ombi liwe na mwisho, na liseme mapema ziada itaenda wapi na, Mungu apishilie mbali, kitafanyika nini mgonjwa akifariki kabla ya matibabu. Hapo ndipo ndugu wengi wamegombana, kwa sababu swali hilo hakuna aliyethubutu kuliuliza mgonjwa akiwa hai. Tano, iandikwe taarifa ya kufunga: kiasi kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na hali ya mgonjwa ilivyo. Mistari mitano inatosha.

Najua wapo watakaosema ugonjwa hausubiri makaratasi. Mtu anatapika damu usiku, nawe unadai mchanganuo. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kwamba hesabu kwa sehemu kubwa hudaiwa baada, haidaiwi kabla. Usiku wa dharura yatosha jina, hospitali, wodi, na mtu mmoja anayefahamika kikundini anayesema nimekwenda, nimemwona. Mengine yafuate kesho na wiki ijayo. Tena dharura huwa ngumu kwa sababu kikundi hakikujiandaa. Kikundi kilichokubaliana wakati wa amani nani atakuwa mweka hazina na fedha zitapita wapi, kitachangisha upesi zaidi usiku wa shida kuliko kile kinachoanza kuulizana namba. Na anayekwenda hospitali asisahau kupita ofisi ya ustawi wa jamii. Katika hospitali zetu za umma maofisa wa kitengo hicho ndio hutathmini wasio na uwezo wa kulipa, na wakati mwingine sehemu ya bili hupungua hata kabla ya kuchangisha.

Wengine watasema kwa nia njema kabisa: tenda wema nenda zako. Sadaka ni siri kati ya mja na Mola wake, na anayedai hesabu anaharibu thawabu yake. Naiheshimu hoja hii, lakini inachanganya watu wawili. Anayetoa ana ruhusa ya kusahau alichotoa, na akificha jina lake ni bora zaidi. Anayepokea kwa niaba ya mwingine amebeba amana, na amana haisahauliwi. Katika Sura ya Baqara, waumini wanaagizwa kuliandika deni na kuweka mashahidi, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, mtume Paulo, alipokuwa akikusanya michango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, alieleza kwamba ndugu wengine nao wametumwa, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu juu ya mchango mkubwa ule. Ikiwa mtume aliona haja ya mashahidi, mweka hazina wa kikundi cha darasa la saba asione kuwa ametukanwa akiulizwa risiti.

Hoja ya tatu inanigusa kuliko zote, nayo ni heshima ya mgonjwa. Inasemwa kwamba kudai uthibitisho ni kumvua nguo mtu aliyekwishavuliwa na maradhi. Naam, tumeona picha za vidonda, za watoto waliolala na mipira puani, vyeti vya daktari vyenye kila kitu vikizunguka kutoka kikundi hadi kikundi hata baada ya mwenyewe kupona au kuzikwa. Lakini tujiulize kwa nini picha hizo hutumwa. Hutumwa kwa sababu hakuna uthibitisho mwingine, kwa hiyo mwili wa mgonjwa ndio unaofanywa ushahidi. Pakiwa na watu wawili waaminifu waliokwenda kuona, na bili inayolipwa moja kwa moja, wachangiaji hawana haja ya kuona kidonda. Cheti kitabaki mikononi mwa wawili hao. Sheria nazo ziko upande huu: Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote mbili zinazipa taarifa za afya uzito wa pekee. Mtoto hawezi kuridhia picha yake isambazwe, na atakapokua itakuwa bado ipo. Hesabu nzuri ndiyo inayomfunika mgonjwa.

Iko hoja ya mwisho, kwamba michango hii yote inaziba pengo la serikali, na kila tunapofanikiwa tunaipunguzia serikali aibu. Ni kweli kwamba mchango hauwezi kuwa bima. Mwaka 2017 Lauren Berliner na Nora Kenworthy wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha uchunguzi wa maombi 200 ya matibabu katika GoFundMe, wakakuta takriban tisa kati ya kumi hayakufikia lengo. Huku kwetu pia anayefanikiwa ni yule ambaye kikundi chake kina watu wenye mishahara, na mkulima ambaye ndugu zake wote ni wakulima hubaki na orodha fupi. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilibadili mfumo wake wa bima Oktoba 2024. Kazi ya kuzidai serikali zitekeleze zilichoahidi ni yetu sote. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kusubiri ahadi hizo zitimie, na tena hesabu zetu zinaweza kuisaidia hoja hiyohiyo. Vikundi vikiweka kumbukumbu za kiasi vilichochangia kusafisha figo, kutibu saratani au kununua dawa zisizopatikana hospitalini, bila kutaja majina ya wagonjwa, tutakuwa na ushahidi wa mkononi wa kumpelekea mbunge. Huruma isiyoandikwa haimshtui mtu bungeni.

Kwa hiyo, msikilizaji, nakuomba jambo kulingana na nafasi yako. Kama wewe ni admini, kubaliana na wenzako wiki hii juu ya masharti machache, wakati hakuna mgonjwa kati yenu, ili sharti lisionekane limetungwa dhidi ya mtu fulani. Kama wewe ni mchangiaji, uliza kwa upole na kwa adabu, tena umuulize tajiri na maskini kwa sauti ileile. Na mgonjwa akifariki, usidai hesabu siku ya matanga. Mpe mfiwa muda, kisha muulize mweka hazina, usimuulize mjane. Na kama wewe ndiye uliyeomba ukapewa, basi rudi. Rudi hata kama fedha hazikutosha, hata kama upasuaji haukufanikiwa, hata kama uliyemwombea hayupo tena. Waambie waliokuchangia kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ukifanya hivyo utakuwa umelipa deni lako kwa namna pekee ambayo mtu asiye na fedha anaweza kulilipa, na utakuwa umemwachia anayekuja kuomba nyuma yako watu ambao bado wako tayari kutoa.